Barua kwa mwanangu: anza na theluji

Mwanangu Rehema,

Umeniambia modeli yako ya kompyuta ya tundra (uwanda wa baridi usio na miti) ya Toolik, kaskazini mwa Alaska, inatoa udongo wenye baridi kupita kiasi majira ya baridi, nawe umeanza kubadilisha viwango vya udongo ili namba zikubaliane na vipimajoto. Acha kwanza. Kagua theluji iliyoufunika.

Theluji ya tundra imepangika kinyume. Programu kadhaa za kuiga theluji, Crocus ya Ufaransa mojawapo, zilibuniwa kwa milima ya Alps, ambako tabaka la chini hushindiliwa na uzito wa lile la juu. Kwenye tundra upepo ndio unaoshindilia, tena juu. Chini, ardhi ina joto kuliko hewa, mvuke hupanda na kuacha chembe kubwa. Zichote mkononi: huchuruzika kati ya vidole kama sukari.

Tuseme una sentimita 40. Zile 20 za juu zina densiti ya kilo 350 kwa mita ya ujazo na upitishaji joto wa 0.25 (wati kwa mita kwa kila nyuzi), 20 za chini zina densiti ya 250 na upitishaji wa 0.06. Gawa unene kwa mita juu ya upitishaji, ujumlishe: 0.8 na 3.3, ukinzani (uwezo wa kuzuia joto lisipite) 4.1. Sasa lifanye tabaka moja la densiti 300, utumie fomula ya Yen, inayokadiria upitishaji kutokana na densiti. Upitishaji unakuwa 0.23, ukinzani 1.7. Umeinyang'anya ardhi zaidi ya nusu ya blanketi lake, halafu unashangaa inatetemeka.

Usitegemee kopo la kupimia mvua. Upepo hupitisha theluji juu yake. Chimba shimo kabla haijaanza kuyeyuka, pima densiti kila sentimita 5. Mfano wetu una milimita 120 za maji, yaani megajuli 40 kwa kila mita ya mraba ili ziyeyuke. Kama theluji iko nyuzi 10 chini ya sifuri, ongeza 2.5 za kuifikisha sifuri kwanza. Wengi husahau hizo, modeli ikayeyusha mapema. Na theluji haiondoki kwa mkupuo, hubaki mabaka, hivyo gawa eneo kati ya sehemu iliyofunikwa na iliyo wazi.

Maji ya theluji huzama kwenye udongo ulioganda, yakaganda tena na kuachia joto lake fiche, yaani joto linalotoka maji yanapogeuka barafu. Ndiyo maana kipimajoto huruka nyuzi kadhaa kwa siku chache. Modeli isiyo na njia ya maji itachelewa, hata ukirekebisha upitishaji namna gani.

Kwenye udongo, ukitumia tabaka za sentimita 2 kwa njia ya wazi (inayokokotoa halijoto mpya kutokana na zile za hatua iliyotangulia pekee), hatua ya muda isizidi kama sekunde 400. Ukiweka saa nzima, namba zitapanda na kushuka hovyo. Mboji yenye maji asilimia 60 hubeba megajuli 200 za joto fiche kwa mita ya ujazo, sawa na kuipasha takriban nyuzi 70. Basi tandaza kuganda kati ya nyuzi −0.5 na 0. Modeli ikiruka sifuri kwa hatua moja, zile wiki za vuli ambazo udongo hung'ang'ania sifuri zitatoweka kwenye grafu yako. Sakafu ya modeli iwe mita 20 au zaidi; mita 2 hazitoshi.

Ukishachimba shimo la kwanza, nitumie jedwali la densiti kabla hujagusa kitu kingine.

Baba yako