Mume wangu anataka iwe siri, hata kwa mkunga

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36 na sijawahi kushika mimba. Vipimo vimeonyesha kwamba shahawa za mume wangu hazina mbegu hata moja, na upasuaji wa kuzitafuta katika korodani haukuzaa matunda. Tumekubaliana kutumia mbegu za mchangiaji, na juu ya hilo hatuna mvutano wowote. Kinachotutatiza ni sharti lake moja: tukishamaliza matibabu, asijue mtu mwingine yeyote, hata mkunga atakayenihudumia wakati wa ujauzito.

Ningelikubali sharti hilo kama asili ya mbegu isingekuwa na uhusiano na afya ya mimba. Kwa mambo mengi nimeridhika. Najua, kwa mfano, kwamba umri wangu una uzito mkubwa katika kushika mimba: utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1982, uliohusu wanawake zaidi ya 2,000 ambao waume zao hawakuwa na mbegu, ulikadiria kwamba baada ya mizunguko 12 ya kuwekewa mbegu za mchangiaji, asilimia 74 ya wenye miaka 26 hadi 30 wangeshika mimba, ilhali kwa waliozidi miaka 35 ni asilimia 54. Takwimu hizo zinanihimiza nisichelewe, lakini hazinitishi.

Kinachonitisha ni kifafa cha mimba, ambacho mama yangu alikipata alipokuwa na mimba yangu. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba hali inayokitangulia, yaani shinikizo la damu linalopanda baada ya wiki ya 20, mara nyingi pamoja na protini katika mkojo, huwapata zaidi wanawake wenye mimba za mbegu za mchangiaji kuliko waliotumia mbegu za wenzi wao. Inadhaniwa kwamba kinga ya mwili wa mwanamke huzizoea taratibu shahawa za mwanamume anayeishi naye, na mazoea hayo huisaidia kuipokea mimba yake. Kwa mbegu za mchangiaji, mazoea hayo hayapo. Najua wengi hujifungua salama, lakini kwangu mimi, ambaye hii itakuwa mimba ya kwanza, tena katika umri huu na kwa historia hiyo ya mama, naona hatari zinarundikana.

Mwanamke aliye katika hatari ya namna hiyo huweza kuandikiwa aspirini ya dozi ndogo, ambayo hufaa zaidi ikianza kutumiwa kabla ya wiki ya 16. Mume wangu anasema umri wangu na historia ya mama vinatosha kumtahadharisha mkunga. Hoja hiyo si dhaifu, wala simlaumu kwa kutaka siri, kwa sababu nayajua maneno anayosemwa mwanamume asiye na mbegu, na kadi ya kliniki hupita mikononi mwa watu wengi. Hata hivyo, siwezi kutulia nikijua kwamba anayenipima ananipima bila kujua yote.

Je, mkunga akijua asili ya mbegu, kuna atakachokifanya tofauti katika kunifuatilia? Naweza kumweleza daktari mmoja tu, naye asiliandike kwenye kadi? Na nizungumze vipi na mume wangu asione kwamba namwaibisha? Ningependa tuafikiane kabla ya matibabu kuanza.

Wako msomaji,
Jina limehifadhiwa