Meru au Mlima Kenya? Tupige kura kabla ya Ijumaa

Wapendwa, habari zenu. Kwa siku nne tulizonazo za kupanda mlima, mimi naegemea Mlima Meru wa Tanzania (mita 4,562). Kutoka lango la Momella tunalala kibanda cha Miriakamba, kisha cha Saddle, kama mita 3,570. Askari mwenye bunduki ni lazima, maana nyati wako njiani. Pagumu ni Rhino Point, kwenye njia ya kileleni: usiku mwamba ukishika barafu unateleza, na mikono mnaihitaji kushikilia. Kwa hiyo glovu, na taa ya kichwani yenye betri za akiba.

Kilele cha Lenana cha Mlima Kenya (mita 4,985) kupitia njia ya Sirimon kunapendeza mno, ila kutoka kambi ya Old Moses hadi ya Shipton's mnapanda karibu mita 900 kwa siku moja, na hapo ndipo vichwa huanza kuuma. Tukienda huko, tuongeze siku ya kuzoea hewa palepale Shipton's.

Andikeni hapa: Meru au Kenya.