Kuulizia sarafu si woga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba Waskoti waliukataa uhuru wao kutoka Uingereza katika kura ya mwaka 2014 kwa kutishwa na mabenki, na kwamba watu wanaoulizia bei ya uhuru hawastahili kuwa huru. Ninaishi Glasgow na kazi yangu ni kuwatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo, wenye maduka ya vyakula, saluni na gereji. Kura ile niliipiga mwenyewe, kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tuliruhusiwa kushiriki. Nilipiga Ndiyo. Kwa hiyo siwatetei watu wa upande wangu ninaposema kwamba ndugu yetu amewaonea wale waliouliza swali la msingi wakakosa wa kuwajibu.

Tarehe 18 Septemba 2014 walijitokeza karibu asilimia 85 ya wapiga kura. Asilimia 55 walisema Hapana, 45 wakasema Ndiyo, yaani zaidi ya watu milioni 1.6 walikuwa tayari kuondoka. Jiji hili la Glasgow lilisema Ndiyo. Miezi ile watu walibishana vituo vya mabasi, misikitini, makanisani, kwenye foleni za maduka, na katika yote niliyoyasikia, swali lililorudi tena na tena lilikuwa: tutatumia pesa gani?

Serikali ya Uskoti chini ya Alex Salmond ilitoa waraka wake mkubwa Novemba 2013. Ndani yake ilisema Uskoti huru ingeendelea kutumia pauni kwa ubia rasmi na nchi zilizobaki za Ufalme wa Muungano, yaani Uingereza, Benki Kuu ya Uingereza ikiwa ya wote. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Sehemu kubwa ya bidhaa na huduma za Uskoti huuzwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini, na benki kuu ile ilijengwa kwa kodi za Waskoti pia. Lakini ubia huhitaji wabia wawili. Januari 2014 gavana wa benki hiyo, Mark Carney, alikuja Edinburgh akaeleza kwa upole kwamba nchi zinazoshiriki sarafu lazima kila moja iachie sehemu ya mamlaka yake. Wiki mbili baadaye Waziri wa Fedha wa Uingereza, George Osborne, alikuja mji huohuo akasema bila kuficha: Uskoti ikiuacha Ufalme, inaiacha na pauni. Chama cha Labour na Liberal Democrats wakamuunga mkono.

Tangu siku hiyo mwenye biashara alibaki hewani. Salmond alisema London inatania, ikishindwa kura itakubali. Katika mdahalo wa televisheni wa tarehe 5 Agosti, Alistair Darling, kiongozi wa kampeni ya Hapana, alimbana amtajie mpango mbadala, naye hakuutaja. Niliutazama mdahalo ule pamoja na wateja wangu wawili, wote wa Ndiyo, na nilishuhudia nyuso zao zikibadilika. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba mambo yatakuwa mepesi. Walitaka kuambiwa yatakuwaje.

Msomaji mwenzangu afikirie hesabu hii. Mwenye duka anadaiwa na benki pauni 40,000. Bidhaa zake anazinunua kwa pauni kutoka maghala ya Manchester na Birmingham. Nchi inakuwa huru, ubia wa sarafu unakataliwa, inatolewa pesa mpya inayoanza sawa kwa sawa na pauni, kisha inashuka kwa asilimia 20. Mauzo yake sasa ni ya pesa mpya, deni bado ni la pauni. Lile deni limekuwa 50,000 kwa pesa anayoipata, na hajakopa hata senti moja zaidi. Tuseme basi serikali itunge sheria ya kugeuza madeni yote yawe ya pesa mpya. Mwenye duka atapumua, lakini hasara inahamia kwa benki, na benki inayojua hivyo itakaza mikopo miezi mingi kabla ya kura yenyewe. Ndiyo maana mashaka ya sarafu huanza kula biashara kabla uhuru haujapatikana, na hata kama hautapatikana kabisa. Mwaka ule nilikuwa na mteja aliyeahirisha kusaini mkataba wa pango la duka la pili mpaka kura ipite. Vijana ambao wangeajiriwa pale walisubiri naye.

Sasa tuje kwa wakubwa. Standard Life, kampuni ya bima na pensheni iliyoanzishwa Edinburgh mwaka 1825, ilitangaza Februari 2014 kwamba inajiandaa kuhamishia England sehemu ya shughuli zake ikilazimika. Tarehe 7 Septemba uchunguzi wa maoni wa kampuni ya YouGov ulionyesha Ndiyo ikiongoza kwa 51 dhidi ya 49. Pauni ikashuka, na wiki hiyohiyo benki za Lloyds na RBS (Royal Bank of Scotland) zikasema makao yao ya kisheria yangehamia kusini endapo Ndiyo ingeshinda. Ndugu yetu anaita hayo vitisho. Siwezi kusema siasa haikuwemo. Salmond alilalamika kwamba habari ya RBS ilivujishwa na Hazina ya London, na malalamiko yake yalikuwa na uzito. Hata hivyo sababu ya mabenki ilikuwa ya kweli. Mwaka 2008 na 2009 RBS iliokolewa kwa pauni bilioni 45 za serikali. Kwa hesabu ya Hazina yenyewe, mali za mabenki ya Uskoti zilikuwa zaidi ya mara 12 ya pato la nchi kwa mwaka. Benki ya ukubwa huo isiyo na benki kuu nyuma yake haiwezi kumhakikishia mwenye akiba kwamba akija asubuhi atapata pesa zake.

Na tofauti iliyoniuma ni hii: Lloyds huhamisha makao kwa uamuzi wa kikao cha bodi. Mwenye saluni wa mtaa wa Govan hahami. Yeye ndiye aliyekuwa na haki kubwa kuliko wote ya kuuliza, na yeye ndiye leo anaitwa mwoga.

Wapo wanaosema nchi huru haziwezi kabisa kuchangia sarafu. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua si kweli. Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, na zote ziliendelea na shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, shilingi 20 kwa pauni moja. Iliwezekana kwa sababu bodi ile ilifungwa mikono: shilingi iliegemea akiba ya pauni, na hakuna serikali iliyoweza kuigeuza kuwa mashine ya kuchapa pesa za bajeti. Serikali zetu zilipotaka kuongoza uchumi wao wenyewe, ubia ukafika mwisho. Juni 1965 ilitangazwa kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na za Uganda na Kenya zikafuata mwaka huohuo, na shilingi ya zamani ikabadilishwa kwa mpya moja kwa moja bila kupunguzwa thamani. Mwananchi alipewa mwaka mzima wa kujua kinachokuja.

Kwingine mambo yalikwenda vibaya. Chekoslovakia ilipogawanyika tarehe 1 Januari 1993, nchi mbili mpya zilikubaliana kuendelea na koruna moja kwa miezi kadhaa. Watu hawakuamini. Walihamisha akiba zao kutoka Slovakia kwenda mabenki ya Cheki, na ilipofika Februari 8 ubia ukavunjwa, noti zikabandikwa stempu ili zitofautishwe. Ule haukuwa utovu wa uzalendo wa Waslovakia. Kila aliye na akiba huenda anakodhani itakuwa salama, na serikali isiyolipanga hilo mapema ndiyo yenye kosa.

Lawama nyingine nailekeza London. Waliwaambia Waskoti wapige Hapana wapate utulivu. Miaka miwili haikupita, tarehe 23 Juni 2016 Uingereza ikapiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ilhali asilimia 62 ya Waskoti walitaka kubaki. Usiku ule pauni ilianguka hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1985. Wateja wangu waliochagua Hapana kwa ajili ya bei za bidhaa waliziona zikipanda vilevile. Mtu akisema watu hawa walidanganywa, nitakubaliana naye. Akisema ni waoga, hapana.

Tangu hapo SNP, chama cha Salmond kinachodai uhuru wa Uskoti, kimebadilika. Mwaka 2019 wajumbe wake waliamua kwamba Uskoti huru iwe na sarafu yake mapema iwezekanavyo, na Oktoba 2022 serikali ikatoa waraka unaosema nchi itaanza kwa kutumia pauni bila ubia, kisha ianzishe pauni ya Uskoti hali ikiruhusu. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila ridhaa ya London, na mjadala ukapoa. Kwa maoni yangu waraka wa 2022 ni mkweli kuliko ule wa 2013, maana hautegemei hisani ya mtu mwingine. Lakini neno "hali ikiruhusu" haliwezi kuwekwa kwenye mkataba wa mkopo. Katika kipindi hicho cha mpito riba ingepangwa London na watu ambao hawana wajibu wowote kwa Uskoti, na benki ya hapa ikiyumba, akiba ya kuiokoa ingetoka wapi?

Kura nyingine ikija, nitapiga Ndiyo tena. Ila kabla ya siku hiyo nataka kuuona muswada wa sheria ya madeni umechapishwa, unaosema mkopo wa nyumba uliosainiwa kwa pauni utalipwa kwa pesa gani, kwa kiwango gani cha kubadilishia, na nani atabeba tofauti. Kwa kuanzia nataka kuusoma pamoja na yule mteja aliyeahirisha duka lake la pili, maana mpaka leo hajalifungua.

Msomaji wako,
Glasgow, Uskoti