Kopo la "ute wa magoti": ligeuze usome nyuma kabla hujalipa

Wateja wengi wa duka letu hapa Moshi wanaulizia "dawa ya kurudisha ute wa magoti". Tuseme wazi kabla hujatoa hela: hakuna kidonge kinachorudisha gegedu (tishu laini inayokinga ncha za mifupa kwenye goti) iliyokwisha kusagika. Kinachoweza kupungua ni maumivu, tena si kwa kila mtu. Mwaka 2006 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 1,583 wenye magoti yaliyosagika. Kwa ujumla, waliomeza glukosamini na kondroitini, ambavyo ndivyo vilivyomo kwenye makopo haya, hawakuwazidi kwa kiasi cha maana waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wapo wanaoona nafuu, na ndiyo maana tunaviuza, ila vitumie kama majaribio yenye tarehe ya mwisho.

Kosa kubwa liko kwenye kipimo. Mbele ya kopo pameandikwa miligramu 1,500 kwa herufi nono. Ligeuze: nyuma, kwa maandishi madogo, utakuta kiasi hicho ni cha vidonge vitatu. Anayemeza kimoja anapata 500, halafu analalamika dawa haifanyi kazi. Kipimo cha siku kilichozoeleka ni glukosamini miligramu 1,500, na kondroitini 800 hadi 1,200. Ukimeza vitatu kwa siku, kopo la vidonge 60 linakwisha siku ya 20. Wiki 12 zinataka makopo manne na ushee, kwa hiyo utanunua matano. Piga hesabu hiyo kwanza. Kama la tatu litakushinda, usianze. Jeli ya diklofenaki (dawa ya kutuliza maumivu) ya kupaka gotini ina ushahidi mzuri zaidi.

Ukianza, meza pamoja na chakula. Chagua jambo moja linalokuumiza, mfano kuinuka kwenye kigoda au kushuka mteremko wa Kibosho, na kila Jumapili andika kwenye kalenda maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Namba isiposhuka hadi wiki ya 12, acha. Usiongeze kipimo.

Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiguse kabla ya kuongea na daktari wake, kwa sababu damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Glukosamini nyingi hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa, hivyo mwenye mzio navyo aulize chanzo. Wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo.

Vidonge vya manjano (kile kiungo cha jikoni), ambavyo navyo huuliziwa kwa ajili ya magoti, si sawa na manjano ya mboga: unga wa kawaida una kurkumini, yaani kiini chake, kama asilimia 3 tu, vidonge vina nyingi mno na vinaweza kuumiza ini. Macho yakigeuka njano au mkojo ukawa mweusi, acha mara moja uende hospitali.

Linalotutia hofu zaidi ni dawa ya "asili" inayomaliza maumivu ya miaka kwa siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu virutubisho vya viungo vilivyofichwa ndani yake dawa za hospitali, diklofenaki na deksamethasoni. Ya kwanza inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Ya pili inapandisha sukari na presha na kuvimbisha uso. Kama umetumia dawa ya "asili" ya namna hiyo kwa wiki kadhaa usiiache ghafla, maana mwili unaweza kuishiwa nguvu vibaya. Nenda na kopo lenyewe kwa daktari.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto, au una homa, usije kwetu kununua kirutubisho: nenda hospitali, Mawenzi au KCMC. Huenda ni maambukizi, au ni gauti (jongo), ambayo mbege na nyama nyingi huichochea na glukosamini haiigusi.

Na hili halina bei: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu hadi 5, shusha polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Mwenye uzito mkubwa, kila kilo anayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Ukija dukani, njoo na dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, tuziangalie pamoja kabla hujachagua kopo.