Miaka 20 kwa mwekezaji, miezi 24 kwa mama samaki: barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Petroli,
Nairobi.

Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa; Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu.

MINT: MUDA WA MIKOPO YA SOLA KWA WAVUVI NA WAUZA SAMAKI WA ZIWA VICTORIA

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo cha wavuvi na wauza samaki katika bichi moja ya Seme, Kaunti ya Kisumu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo ninalolileta limewakwamisha wanachama wangu, na nina hakika limewakwamisha wenye vinu vya kusaga, wenye pampu za maji na wafugaji wa kuku kutoka Nyakach hadi Budalang'i, ambao huenda hawana mtu wa kuwaandikia barua.

Nianze na usiku mmoja wa mwezi wa Machi. Umeme ulikatika saa moja jioni na haukurudi hadi saa sita mchana wa siku iliyofuata. Katika banda letu mlikuwa na friza tatu, na ndani ya moja mlikuwa na kilo 90 za mbuta wa mwanachama wetu, mama mjane anayewauzia wenye hoteli mjini Kisumu. Alfajiri nilimkuta ameifunika friza kwa magunia mawili na blanketi aliyoitoa kitandani mwake, akitumaini kwamba ubaridi uliobaki ungewatunza samaki hadi gari la barafu lifike. Gari lilifika saa tano. Alipoinua kifuniko, maji yenye damu yalikuwa yametuama chini na macho ya samaki yameshaingia ukungu. Mnunuzi wa hoteli alimbonyeza samaki mmoja ubavuni, alama ya kidole ikabaki pale pale, naye akaondoka bila kuuliza bei. Mama huyo alichukua kisu, akawapasua wote mmoja baada ya mwingine, akawatia chumvi na kuwaanika kuwa obambla, akauza kwa pesa zisizofika nusu ya alizokuwa ameahidiwa. Kisha akaja mezani kwangu akaniambia, "Katibu, andika na hii kwenye daftari."

Niliandika. Jioni hiyo kamati yetu ilikubaliana kwamba banda lazima lipate umeme wake wa sola.

Sidai, Mheshimiwa, kwamba serikali haikutufikia. Mradi wa kusambaza umeme mashinani ulioanza mwaka 2015 uliishusha ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nguzo zilizo bichini kwetu zilisimamishwa kwa mradi huo. Lakini sisi tuko mwishoni mwa nyaya. Umeme mwingi wa nchi hii huzalishwa mbali nasi, na upungufu wa saa za jioni huku magharibi umekiriwa hadharani na serikali yenyewe. Saa hizo za jioni ndizo friza zetu huwa zimejaa samaki wa mchana.

Wala hatukushindwa na teknolojia. Tangu mwaka 2010 bei ya paneli za sola duniani imeshuka kwa takriban sehemu tisa za kumi, na bei ya betri za lithiamu imefuata njia hiyo hiyo. Fundi aliyetupimia banda alitupa makadirio ya shilingi 600,000 kwa paneli za kilowati tatu, inveta, betri na friza mbili zisizokula umeme mwingi. Paneli hizo zinatarajiwa kufanya kazi miaka 25, na betri ikitunzwa vizuri huweza kufika miaka minane au kumi. Tulikwenda benki tukiwa na makadirio hayo, vitabu vya hesabu vya miaka mitatu na mama mwenyewe, kwa kuwa nilitaka asikie kwa masikio yake.

Benki hiyo, ambayo sitaitaja, ilikubali kutukopesha kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, deni lote lilipwe ndani ya miezi 24. Nakuomba, Mheshimiwa, unifuate katika hesabu ndogo, kwa sababu shida yetu yote imo humo. Kwa masharti hayo, ikiwa riba inahesabiwa kwa salio linalopungua, malipo ya kila mwezi ni karibu shilingi 29,950. Banda letu haliwezi kutoa fedha hizo hata katika mwezi mwema, na kuna miezi ambayo upepo au magugu ya ziwani huzuia mashua kutoka. Sasa iache riba palepale kwenye asilimia 18, lakini uurefushe muda uwe miaka saba, ambao bado ni mfupi kuliko umri wa betri nzuri. Malipo yanashuka hadi karibu shilingi 12,610 kwa mwezi. Ukiishusha na riba iwe asilimia tisa, yanakuwa karibu shilingi 9,650. Ninajua kwamba mkopo mrefu hugharimu zaidi ukijumlishwa wote, na mwanachama yeyote anayekopa kwangu huelezwa hivyo kabla hajatia sahihi. Lakini angalia ni hatua ipi iliyoshusha mzigo zaidi. Kila kiongozi anayezungumzia fedha za nishati safi huzungumzia riba, na sisi tuliokaa na kikokotoo tumeona kwamba muda ndio unaotuumiza kwanza.

Afisa wa mikopo alikuwa mtu muungwana, akatueleza kinachomzuia. Amana za wateja wake ni za miezi michache, basi hawezi kuzifunga miaka saba katika paa la banda la samaki. Tena mwaka 2024 hawala za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16, na mwenye pesa aliweza kuikopesha serikali bila kuhangaika na mvuvi. Nilimwelewa. Hata chama chetu kina tatizo hilo hilo, kwa sababu akiba tunayokopeshana ni ya watu ambao Januari wataitaka yote walipe karo.

Hapa ndipo ninapofikia ofisi yako, kwa sababu tatizo la muda serikali inalijua vizuri na imekwisha kulitatua kwa watu wengine. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulipewa mkataba wa kununuliwa umeme wake kwa miaka 20, kwa bei iliyowekwa kwa yuro. Mitambo ilipokamilika mwaka 2017, njia ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikuwa tayari hadi mwaka 2018, na gharama ya kuchelewa huko ilitua kwa umma. Silalamikii mradi huo. Upepo ule ni mali ya nchi na ni vyema unatumika. Huku Nakuru, pale Menengai, kuna mfano ninaoupenda zaidi. Kuchimba kisima cha mvuke ni kubahatisha: unaweza kutumia mamilioni ya dola ukakuta kisima hakina mvuke wa kutosha. Mwekezaji wa kibinafsi hakuwa tayari kubeba hasara hiyo, basi serikali mwaka 2008 ikaunda Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, ikachimba kwa fedha za umma na mikopo ya muda mrefu, ndipo wawekezaji watatu wakapewa nafasi ya kujenga mitambo ya megawati 35 kila mmoja, na wa kwanza akaanza kuzalisha umeme mwaka 2023. Serikali iliibeba hatari ambayo mtu mmoja hawezi kuibeba, na kwa uamuzi wa namna hiyo, tangu Olkaria ya mwaka 1981, mvuke wa ardhini umekuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa Kenya.

Ninaomba uamuzi wa namna hiyo kwa ajili ya friza zetu, na umbo lake lipo tayari nchini. Mwaka 2018 iliundwa kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, KMRC, ambayo haizungumzi na mnunuzi wa nyumba moja kwa moja. Huzipa benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu kwa riba nafuu, navyo vikawakopesha wanachama wao. Kama imewezekana kwa nyumba, naiomba wizara yako pamoja na Hazina ya Kitaifa ianzishe dirisha kama hilo kwa vifaa vya nishati safi vinavyofanya kazi ya kuzalisha: friza za samaki, pampu za maji, vinu, mashine za kupozea maziwa. Mkopo uwe wa miaka isiyopungua saba. Uwe wa shilingi kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama fedha zenyewe zimetoka nje kwa dola, kwa sababu mwanzoni mwa mwaka 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na hakuna mama samaki anayeweza kujikinga dhidi ya jambo hilo. Na itengwe sehemu ya kufidia hasara ya kwanza, ili chama kidogo kama chetu kisianguke kwa mwanachama mmoja aliyepoteza mashua.

Kuna suala la dhamana pia. Benki ilitaka hatimiliki ya shamba. Shamba analolima mama yule limeandikwa jina la baba mkwe wake, aliyefariki zamani, na kesi ya mirathi haijafunguliwa. Tulitaja Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, ambayo inaruhusu vifaa vyenyewe viwekwe rehani na kusajiliwa, tukajibiwa kwamba paneli hazina soko la kuuzwa tena. Dirisha ninaloliomba likitoa fedha, litoe pamoja na sharti kwamba vifaa vilivyonunuliwa vikubaliwe kuwa dhamana ya mkopo wenyewe. Vinginevyo wanawake, ambao ndio wengi katika biashara ya samaki hapa kwetu, watabaki nje wakiwa na barua nzuri za serikali mkononi.

Kuhusu kodi nitasema machache. Mwaka 2020 vifaa vya sola vilitolewa kwenye msamaha wa VAT, na mwaka 2021 vikarudishwa. Mkopo wa miaka saba hauwezi kupangwa katika nchi ambayo bei ya kifaa hubadilika kila Sheria ya Fedha inapopitishwa. Kanuni za mwaka 2024 za kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi, ambapo mtoaji huhesabiwa nusu ya uniti alizotoa, zitawafaa wenye viwanda. Banda letu halitakuwa na ziada ya kuhesabiwa.

Ninaikumbuka ile kodi ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Wavuvi wetu wa omena, ambao hutoka usiku wa giza wakati mwezi haupo na kuwavuta samaki kwa mwanga wa karabai, waliamka wakakuta gharama ya usiku mmoja imepanda. Wengi wao sasa wanatumia taa za sola, na moshi uliokuwa ukiwaumiza macho umekwisha, jambo ninalolifurahia. Lakini taa hizo walizinunua kwa malipo ya kila siku kwa simu, na waliokosa kulipa siku chache katika msimu mbaya walizimiwa taa kwa mbali wakiwa hawana hata karabai ya kurudia. Serikali ilipandisha bei ya njia ya zamani bila kumwekea mvuvi fedha za kumfikisha kwenye mpya.

Mwezi Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi, na tamko lao likasema kwamba bara hili lilipata asilimia mbili tu ya uwekezaji wa dunia katika nishati jadidifu kwa muongo mmoja, huku likikopeshwa kwa gharama iliyo mara tano hadi nane ya wanayolipa matajiri. Nililisoma tamko hilo mbele ya mkutano wa chama chetu nikijivunia kwamba limeandikwa kwetu. Mwanachama mmoja akauliza kama masharti tunayoyalalamikia kwa mataifa tajiri siyo yale yale tunayopewa sisi huku Seme na benki za nyumbani. Sikuwa na jibu, na swali hilo ninalileta kwako.

Katika droo yangu kuna maombi 11 ya mikopo ya sola, yote yamejazwa na kutiwa sahihi, pamoja na makadirio ya mafundi na hesabu za mauzo. Niko tayari kuyaleta Nairobi au kwa afisa yeyote utakayemtuma. Akipenda kuja mwenyewe, afike saa kumi na mbili asubuhi mashua zinapoingia, amkute mama yule akipima samaki, na amwulize mwenyewe kuhusu zile kilo 90.

Wako mwaminifu,

Katibu,
Chama cha akiba na mikopo cha wavuvi na wauza samaki,
Seme, Kaunti ya Kisumu.