Kisigino cha Mzee

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Rehema,

Habari za Njiro na baridi lenu? Huku sote wazima, Mama Glory kajifungua salama. Mengine baadaye, maana video ya Mzee ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mnasema kile kidude cha umeme, cha kumnyanyulia unyayo uliolegea kwa kiharusi, kimeharibika. Hakijaharibika, msikirudishe. Tazama kisigino cha kushoto: hakigusi chini, anatua kwa vidole. Na swichi mmeiweka chini ya kisigino hichohicho! Kisigino kikiinuka, umeme unawaka na kuunyanyua unyayo, kikikanyaga, unazimika. Kisipokanyaga hauzimiki, msuli unachoka, unyayo unarudi kuburuta. Hamishieni swichi chini ya kisigino cha mguu usio na shida, wa kulia, halafu kwenye mipangilio chagueni umeme uwake kisigino kinapokanyaga. Mguu wa kulia ukitua, ndipo unyayo wa kushoto unyanyuke. Avae viatu vya kamba. Kwenye ndala swichi inateleza.

Pedi za kupitishia umeme nazo. Papasa upande wa nje, chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Pedi moja ikae chini yake tu, hapo mshipa wa fahamu unapita juujuu. Ya pili iwe kwenye nyama ya mbele ya ugoko. Unyayo ukipinda nje mno, isogeze hiyo ya pili nusu sentimita kuelekea mfupa wa ugoko. Ukipinda ndani, irudishe nje. Usizisogeze zote kwa mpigo, hutajua ipi imeleta nafuu.

Na mafuta, Rehema! Najua Shangazi anampaka kila asubuhi kwa mapenzi, ila hapo penye pedi asipake. Pedi haishiki vizuri, umeme unajikusanya sehemu moja na kumchoma. Osheni kwa maji, kausheni, nywele zipunguzwe kwa mkasi, si wembe. Nguvu ya umeme ipandisheni akiwa ameketi. Wiki ya kwanza dakika 15, mara mbili kwa siku. Wekundu ukipotea ndani ya saa moja si neno; ukilala hadi kesho, mpumzisheni.

Narudi kwenye kisigino, ndicho kinachoninyima raha. Mnyoosheni goti, kisha sukumeni unyayo juu kwa kiganja, polepole. Ukigoma kabisa, msuli wa nyuma umekaza na swichi peke yake haitafua dafu. Hapo mleteni hospitali ya KCMC aonwe na watu wa mazoezi. Na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia, wapo palepale, plastiki ya kushika kifundo wanaijua vizuri. Asione kwamba amerudi nyuma. Wengi wanatembea nayo vizuri kabisa, tena haina betri ya kuchaji.

Sasa nijibu upesi: ana betri ya moyo? Amewahi kuanguka kifafa tangu kiharusi kimpate? Ukimgusa ugokoni macho yamefumba, anasikia? Dawa za presha anameza kila siku, au mpaka kichwa kiume? Nani anamvalisha hizo pedi, wewe au Shangazi? Na mtashuka lini?

Wako,
Anna