Barua ya wazi kwa dada yangu aliyeko Muscat

Dada yangu mpendwa,

Baada ya salamu, naomba nikujibu hadharani, kwa kuwa swali lako huulizwa na wengi: iweje Wapolandi walifika Uingereza bila Kiingereza cha maana na bado wakapata kazi upesi? Wewe unasema ni rangi yao. Sikatai kwamba rangi husaidia, lakini kilichotangulia ni sheria.

Polandi ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na kati ya wanachama wa zamani ni Uingereza, Ayalandi na Uswidi pekee zilizowaruhusu kufanya kazi tangu siku hiyo. Ujerumani na Austria zilisubiri hadi Mei 2011. Huku Uingereza walioajiriwa walitakiwa kujiandikisha kwa ada, na kujiandikisha tena kila walipobadili mwajiri, ila hawakuhitaji idhini ya mwajiri waliyemwacha. Wewe uliyeletwa Oman na kafili, yaani mwajiri anayekudhamini viza, unajua uzito wa jambo hilo.

Hata hivyo, wengi waliingilia chini kabisa ya elimu yao. Huko Boston, katika mkoa wa Lincolnshire unaolima mboga kwa wingi, nilifanya zamu na Mpolandi aliyesomea uchumi chuo kikuu, akisimama mbele ya mkanda wa kiwandani kukata vikonyo vya kabichi, na kila jioni akisubiri ujumbe wa simu wa kumwambia kama kesho angeitwa. Wakala wa ajira ndiye aliyempangisha chumba na kumsafirisha, akakata vyote kwenye mshahara, kwa hiyo kumlalamikia kungemkosesha kazi na malazi kwa mpigo. (Sheria ya leseni kwa mawakala wa kilimo ilipitishwa mwaka 2004, miezi michache baada ya Wachina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe za baharini chini ya wakala wa namna hiyo kufa maji katika ghuba ya Morecambe, huku Uingereza.)

Kazi yenyewe aliipata kwa mwenzake aliyemtangulia. Watu wanausifu sana mshikamano huo, nami nauonea shaka kidogo, maana palipo na msimamizi Mpolandi, wapangaji Wapolandi na duka la Kipolandi, Kiingereza hakihitajiki, na asiyekijua haondoki kwenye kabichi, shahada yake iwe nzuri namna gani. Yeye aliondoka baada ya kusoma lugha usiku, akaajiriwa ofisini kwingine, bila kumwomba mtu ruhusa.

Njia hiyo imefungwa, kwa kuwa Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya. Tangu mwaka 2021 Mpolandi mgeni anayetaka kuajiriwa huku kwa kawaida huhitaji viza, na mara nyingi viza hiyo hutegemea mwajiri anayemdhamini, kama wewe unavyomtegemea kafili wako. Basi huo mkataba wa Uingereza ulioletewa usiutie sahihi kwa sababu ya mshahara tu. Waulize kwanza viza yako itakuwaje ukimwacha mwajiri, na nani atakukata kodi ya chumba, kisha unitumie majibu yao kwa maandishi.

Ndugu yako